Kinyago Bila Masimulizi ni Gogo



Wahenga walisema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Lakini hatari inayotukabili ni nyingine: vinyago vyetu wenyewe vinaanza kuwa vigeni kwetu.

Tutazame sanaa ya Wamakonde wa Mtwara na Msumbiji. Masimulizi yao husema kwamba mtu wa kwanza aliishi peke yake porini. Akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha. Kulipopambazuka ikawa mwanamke. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa kando ya mto, akafa. Wa pili alizaliwa mahali palipoinuka kidogo, naye akafa. Wa tatu alizaliwa juu kabisa, akaishi. Kwa anayejua hayo, sanamu ya mama na mtoto si pambo la mezani. Ndani yake mna chimbuko la jamii, na sababu ya kujenga juu ya nyanda, mbali na maradhi ya mabondeni.

Kadhalika lipiko, kinyago kivaliwacho kichwani katika ngoma za jando. Chale za usoni na ndonya ya mdomoni humtambulisha Mmakonde. Na mpingo uliochongwa watu waliobebana, ambao tumezoea kuuita ujamaa, huonyesha kizazi kikisimama juu ya kizazi kilichotangulia.

Mwaka 1984 kinyago kimoja cha Wamakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kilirejeshwa mwaka 2010 kutoka Geneva, na sote tulifurahi. Lakini tujiulize: mti ulioibwa huweza kudaiwa ukarudi; je, maana ikizikwa pamoja na mzee aliyeijua, tutaidai kwa nani?

Kwa hiyo hatuna budi kutenda. Mwalimu awapeleke wanafunzi kwa wachongaji na wazee, wakiwa na daftari, waulize kila alama inasema nini. Afisa utamaduni anayepokea kinyago aandike jina la mchongaji, mahali kilipotoka na masimulizi yake, wala asitosheke na vipimo na bei. Yaliyo siri ya jando yabaki kwa wenyewe. Wazee ndio waamue lipi lisemwe.

Tusipofanya hivyo, wajukuu wetu watarithi magogo yaliyong'arishwa vizuri, wasijue yalikuwa yakiwaambia nini.