Kupika Mchuzi wa Nyama Katika Nchi ya Majani ya Chai



Nyama ya ng'ombe si kitu kigeni katika nchi ya Kericho na Bomet. Wakipsigis ni wafugaji tangu zamani za kale, na watu wa makabila mengine, waliokuja kuchuma majani ya chai tangu mashamba makubwa yalipoanza kupandwa katika miaka ya 1920, nao walikuja na desturi zao za jikoni. Lakini lalamiko moja husikika katika nyumba nyingi, za wenyeji na za wageni: nyama iliyonunuliwa kwa fedha ya jasho huchemshwa mpaka kuni zikaisha, na bado hutafunwa kama kamba. Watoto huitema, baba hunung'unika, na lawama humwangukia mwenye bucha. Mara nyingi mwenye bucha hana kosa. Kosa liko katika moto.

Yafaa kila mpishi aelewe jambo moja juu ya nchi hii. Mji wa Kericho uko mita 2,000 hivi juu ya bahari. Hewa ya mahali palipoinuka ni nyepesi, na kwa sababu hiyo maji huchemka kabla ya kupata moto kamili. Katika mji wa Mombasa maji huchemka kwa digrii 100; katika Kericho huchemka kwa digrii 93 hivi. Kwa hiyo nyama ya Kericho, ijapokuwa imo katika maji yanayotokota, hupikwa kwa joto dogo kuliko nyama ya pwani. Hapana budi ikae jikoni muda mrefu zaidi.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wakiona nyama haiivi, huongeza kuni. Lakini maji yaliyokwisha kuchemka katika sufuria ya kawaida hayawezi kupata moto zaidi, hata yakiwekewa mzigo mzima. Moto unaozidi huyageuza maji kuwa mvuke tu, na mvuke hutoka dirishani. Hivyo kuni hupotea, mchuzi hukauka, na nyama hukazana na kuchakaa.

Basi dawa ni nini? Ni moto mdogo na wakati mrefu. Nyama ya shingo, ya kidari na ya muundi hutoka katika viungo ambavyo ng'ombe huvitumia kila siku kwa kutembea na kuinama malishoni. Imejaa kano na ngozi nyeupe zishikanishazo minofu. Kano hizo zikipikwa taratibu kwa saa nyingi huyeyuka na kuwa ute laini, na ute huo ndio uufanyao mchuzi kuwa mzito na mtamu. Sarara, ambayo kwa kawaida huuzwa kwa bei ya juu, haina kano nyingi; ikichemshwa saa tatu hukauka. Kwa kazi hii, nyama ya bei ndogo ndiyo bora.

Nyama inunuliwe katika bucha inayouza nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Mnyama aliyekufa mwenyewe asiliwe kamwe, kwa maana huenda ameuawa na kimeta, na vijidudu vya ugonjwa huo haviaminiki kufa kwa kuchemshwa sufuriani.

Kwa jamaa ya watu sita yatosha kilo 1 ya nyama, vitunguu 2, nyanya 4, karoti 3 na viazi 6 vya kiasi. Nyama ikatwe vipande vikubwa, kisha ipanguswe maji. Mafuta kidogo yapashwe moto sana katika sufuria nzito, na vipande vitiwe vichache vichache mpaka vibadilike rangi na kuwa vya hudhurungi pande zote. Vikitiwa vyote kwa mara moja vitatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika, na ladha nzuri itakosekana. Halafu vitunguu vikaangwe katika mafuta yale yale, nyanya zifuate, kisha nyama irudishwe pamoja na chumvi na vikombe 4 vya maji ya moto.

Mchuzi ukianza kuchemka, kuni zivutwe nje au makaa yapunguzwe, hata povu moja moja tu lionekane likipanda. Sufuria ifunikwe vema. Baada ya saa mbili karoti na viazi vitiwe, navyo viachwe muda wa dakika 40 au zaidi, kwa kuwa viazi pia huchelewa kuiva katika nchi ya juu. Maji yakipungua, yaongezwe ya moto, si ya baridi. Dania itiwe mwisho.

Mtu aendaye shambani alfajiri aweza kuuliza atapata wapi saa tatu za kukaa jikoni. Jibu ni kwamba moto mdogo hautaki mlinzi wa kila dakika. Mama aweza kufua na mtoto kusoma huku sufuria ikifanya kazi yake. Na kuni si kitu cha kuchezea. Viwanda vyenyewe vya chai huhitaji kuni ili kukausha majani, na ndiyo sababu mikaratusi imepandwa kando ya mashamba. Kila gogo linalookolewa jikoni ni mti uliobaki umesimama, au shilingi iliyobaki mfukoni.

Liko neno moja zaidi, nalo ni la nchi hii hasa. Katika nyumba nyingi chai hunywewa pamoja na chakula. Chai ni kinywaji chema, lakini ikinywewa wakati wa kula huzuia mwili usipate vizuri madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharagwe, na madini hayo ndiyo yajengayo damu. Nyama, kinyume chake, husaidia mwili kuyapokea. Basi mtoto apewe mchuzi pamoja na mboga zake na kimyet yake, na vipande vyake vya nyama visisahauliwe, kwani maji ya mchuzi peke yake hayatoshi. Chai ingoje muda wa saa moja baada ya kula.

Mchuzi ukisalia, ufunikwe na kuwekwa mahali pa baridi, na kesho yake uchemshwe tena vizuri kabla ya kuliwa.

Wazee walisema mvumilivu hula mbivu. Kwa mpishi wa Kericho na Bomet methali hiyo haina fumbo: nyama na iachwe iive kwa moto wake mdogo, nao wenye nyumba wataila yote.