Daraja Limezeeka, Nani Alipe?

Haya ni maneno niliyozungumza kwenye mjadala wetu wa wanafunzi wa sayansi ya siasa. Wengi mliniomba maandishi, basi nimeyakata vipande ili yasomeke hapa. Kama kawaida, hatutaji chama wala mheshimiwa.

1. Kila msimu wa mvua tunasikia wimbo uleule. Daraja la mashinani lina nyufa, vyuma vya pembeni vimeng'oka, mto unapanda. Wananchi wakiuliza, gavana anasema ni la serikali kuu. Mbunge anasema pesa zilishuka kwa kaunti. MCA anasema analifuatilia. Mwisho wa siku ni mtoto wa shule anayevuka akiwa ameshika viatu mkononi.

2. Tuanze na Katiba. Jedwali la Nne linaipa serikali ya kitaifa barabara kuu, na kaunti zinapewa barabara za kaunti. Kwa orodha rasmi ya 2016, makundi ya A, B na C yako upande wa kitaifa, na kuanzia D kwenda chini ni ya kaunti. Daraja hufuata barabara yake. Kwa hivyo kabla hujamlaumu mtu, jua barabara yenu iko kundi gani. Na kaunti zisipewe mzigo wote, kwa sababu Jedwali hilohilo linasema viwango vya ujenzi na matunzo ya barabara za kaunti huwekwa na serikali ya kitaifa.

3. Pesa je? Hapa ndipo watu wengi hushtuka. Ukinunua petroli au dizeli, kuna ushuru wa kudumisha barabara ndani yake. Mwaka wa 2024 ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Mtu wa boda anayetumia lita tatu kwa siku huchangia shilingi 75 kila siku. Sasa mtu akija kwenu kusema "nimewaletea daraja", mwambie asante kwa kusimamia, lakini pesa ni zetu.

4. Lakini si zote zinafika barabarani. Mwaka wa 2025 serikali iliamua kutumia shilingi 7 kati ya hizo 25 kama dhamana ya kupata pesa za kulipa madeni ya wanakandarasi. Wanaotetea wanasema kazi zilikuwa zimekwama na watu walikuwa hawajalipwa. Hoja hiyo ina uzito. Wanaopinga wanasema pesa za matengenezo ya kesho zinalipa ujenzi wa jana. Na hiyo pia ni kweli. Ongeza mvutano wa wabunge na magavana kuhusu mgao wa ushuru huo, uliofika hadi mahakamani, halafu uniambie nani ana haraka na daraja lenu.

5. Mnauliza, mbona tusingoje tujengewe jipya? Kwa sababu siasa hupenda kipya. Jiwe la msingi lina picha, utepe una kamera. Kuziba ufa, kuzibua mitaro na kuimarisha nguzo hakuna anayealikwa kushuhudia. Lakini ufa ukiachwa maji yanaingia, chuma ndani kinashika kutu, na kazi ndogo inakuwa tenda kubwa. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa wanatania.

6. Desemba 2021, basi lililokuwa limebeba wanakwaya wakielekea harusini lilisombwa na mto Enziu, kaunti ya Kitui. Dereva alijaribu kuvuka maji yaliyofurika. Zaidi ya watu 30 walikufa. Kivuko kile kilikuwa cha chini na wenyeji walikijua. Daraja la juu lilikuja baada ya mazishi. Sitaki tuzoee nchi ambayo bajeti hupatikana tukishazika.

7. Basi tufanye nini? Kaunti hutakiwa kupeleka mpango wa maendeleo wa mwaka bungeni kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kati ya tarehe hizo ndipo mnafaa kusikika, si wakati mvua imeshaanza. Nendeni kwa vikao vya maoni ya umma na swali moja lililoandikwa: daraja letu lilikaguliwa lini, na ripoti inasema nini? Mkikosa jibu, andikeni ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Afisa ana siku 21 za kujibu.

8. Msimamo wangu: anayemiliki barabara alipe, na kila bajeti iwe na mstari wa ukarabati wa madaraja unaosomeka, wenye jina la daraja na kiasi cha pesa. Bila mstari huo, ahadi ni upepo.

Ambaye hakubaliani na namba 4 au 8, karibu. Leta hoja, tujadiliane.