Mti Una Mwenyewe: Mambo Niliyofundishwa na Watoto wa Turkana

(Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyotolewa mjini Lodwar mbele ya walimu wanafunzi, wazazi na wazee. Twayachapa hapa kwa kuwa twaona yatawafaa wasomaji wetu wa mijini na wa mashambani.)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ya mwalimu mwanafunzi. Wengi wenu mwajua kwamba siku hizi kazi yangu ni kutafsiri maandishi ya Serikali, wala si kufundisha. Lakini kabla ya kushika kalamu ya mfasiri nilishika chaki, na mahali nilipoishikia ni hapa hapa Lodwar mwaka 2012 na Kakuma mwaka uliofuata. Sikuja kujisifu. Nimekuja kuwaelezeni kosa nililolitenda, na jinsi mtoto wa darasa la tatu alivyonitoa katika kosa hilo. Yafaa ninyi mnaoanza kazi mlisikie mapema, msije mkalirudia.

Siku za Kwanza Darasani

Ilikuwa mwaka 2012, mwaka ule ambao habari za mafuta yaliyoonekana katika kisima cha Ngamia 1 zilienea nchini kote, na kila mtu akawa anataja jina la Turkana. Mimi nilitoka upande wa magharibi ya Kenya, penye mvua na mashamba ya mahindi. Nilikuja na sanduku moja, kitabu cha maandalio ya masomo, na kiburi kidogo cha kijana aliyefaulu mitihani yake.

Nilipewa darasa la tatu. Watoto walikuwa themanini na saba, na madawati yalikuwa ya watoto arobaini tu. Waliosalia waliketi chini. Tangu mwaka 2003, Serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi, watoto wengi walikuwa wameingia shuleni, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mwalimu hakuongezewa mikono wala masikio.

Somo langu la kwanza lilikuwa juu ya mito. Nilisimama mbele yao nikasema kwa Kiswahili safi kwamba mto ni maji yatiririkayo kutoka mlimani hadi ziwani au baharini. Kisha nikauliza, "Mto ni nini?" Kimya. Nikauliza tena. Kimya. Nyuma kabisa, karibu na mlango, aliketi mvulana mwembamba, mwenye umri kupita wenzake, ambaye alikuja shuleni baada ya kuchunga mbuzi miaka mingi. Nikamwita kwa kidole. Akasimama, akatazama chini, akasema, "Mto ni mchanga. Watu nachimba." Darasa halikucheka, ila mimi nilicheka. Nikamwambia aketi.

Ndugu zangu, nani alikuwa amekosea? Mvua ya Lodwar kwa mwaka mzima ni kama milimita 200 tu. Mito mingi ya nchi hii, ile tuiitayo laga, hupitisha maji kwa siku chache, kisha huwa mchanga mtupu mwaka uliobaki. Anayetaka maji hapana budi achimbe. Mtoto yule alikuwa ameeleza mto alioujua kwa mikono yake. Mimi nilieleza mto wa kitabuni.

Majuma yakapita, mtoto yule asinijibu neno lingine. Nilipoandika taarifa ya maendeleo ya darasa, mbele ya jina lake nikaandika maneno haya: "Hana uwezo wa kujifunza." Nikapiga mstari chini yake, nikaenda zangu kula chakula cha jioni.

Safari ya Mto Turkwel

Karibu na mwisho wa muhula niliomba ruhusa niwapeleke watoto kwenye mto Turkwel, waone kwa macho yale niliyokuwa nikiwahubiria. Turkwel ni mto mkubwa. Chanzo chake ni mlima Elgon, hupita katika bonde jembamba la mawe ambapo bwawa la umeme lilikamilishwa mwaka 1991, kisha hupita Lodwar na kumwaga maji yake katika ziwa Turkana. Nilisema moyoni, hapa ndipo nitakapothibitisha maneno yangu.

Tulitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Hatukuwa na gari; tulikwenda kwa miguu, wawili wawili, na wasichana wakubwa wakabeba maji ya kunywa. Tulipofika kwenye kingo za mto, watoto wale walionyamaza darasani walifunguka kama mlango. Kila mmoja alikuwa na jambo la kuonyesha: huu ndio mkoma, mama hufuma vikapu kwa majani yake, na tunda lake huliwa, huu ndio mti wa mswaki, hii ni nyayo ya kenge. Mimi nikawa naandika katika daftari langu, nikifurahi.

Kisha tukafika chini ya mgunga mkubwa, mti ambao Waturkana huuita ewoi. Matawi yake yalikuwa yamejaa matunda yaliyojipinda kama pete, ambayo mbuzi huyapenda sana. Nikataka kuwaonyesha watoto jinsi mbegu zinavyokaa ndani ya ganda. Nikawaambia wavulana wakubwa wachukue fimbo ndefu wayapige matawi. Yule mvulana wa nyuma akanijia mbio, akasema maneno mengi kwa Kiturkana. Sikuyaelewa. Akatafuta Kiswahili, akasema, "Mwalimu, mti iko na mwenyewe."

Nikamjibu kwamba msitu ni wa Mungu, kisha nikawaamuru wenzake waendelee. Matunda yakaanguka kama mvua ya mawe. Watoto wakajaza mashati yao.

Mzee na Kigoda Chake

Hatukukaa sana, akatokea mzee mmoja mwenye fimbo, na mkononi kigoda cha mti, kile kiitwacho ekicholong, ambacho mwanamume hukalia mchana na kukilaza kichwa usiku. Hakupiga kelele. Aliweka kigoda chake chini, akaketi, akatazama matunda yaliyotawanyika. Watoto wote wakanyamaza. Nikajua kwamba nimeharibu jambo, ila sikujua ni jambo gani.

Mzee akasema. Nikawatazama watoto, na hakuna aliyethubutu kufungua kinywa. Ndipo yule mvulana, yule niliyemwandika kwamba hana uwezo, akaja akasimama kati yetu wawili. Akasikiliza mpaka mzee akamaliza, akanigeukia, akasema, "Anauliza, nani alikupa ruhusa?" Nikajibu. Akayapeleka maneno yangu, akaniletea ya mzee. Hakuongeza wala hakupunguza. Mzee alipokuwa mkali, naye alikuwa mkali. Nilipoomba radhi, aliinamisha kichwa kama nilivyoinamisha mimi.

Kwa kinywa cha mtoto huyo nilijifunza habari za ekwar. Kando ya mito ya Turkana, miti si mali ya kila apitaye. Kila jamaa ina sehemu yake ya ukingo, iliyorithiwa toka kwa baba, na mipaka yake yajulikana na majirani ijapokuwa haina ua. Wakati wa kiangazi, majani yakiisha nyikani, matunda ya ewoi ndiyo yanayowaokoa mbuzi. Na mbuzi wakifa, maziwa ya watoto yamekwisha. Kwa hiyo mwenye ekwar hulinda miti yake, na mwingine akitaka kulisha humo, huomba kwanza. Kosa langu lilikuwa zito zaidi kwa kuwa matunda yale yalikuwa bado hayajakomaa. Mzee alisema, "Umemwaga chakula kabla ya njaa kufika."

Hukumu yake ilikuwa hii: watoto wayakusanye matunda yote yawe fungu moja, na mimi nirudi kesho, peke yangu, na tumbaku, nionyeshwe mipaka ili nisipotee tena. Nilirudi. Alinitembeza asubuhi nzima, na yule mvulana akiwa mkalimani wetu. Nilifunzwa mengi siku ile kuliko katika muhula wote, na mwalimu wangu alikuwa mwanafunzi wangu.

Taarifa Niliyoifuta

Jioni ile nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamwomba anirudishie taarifa yangu. Nilifuta maneno yale, nikaandika: "Anasikia upesi, anakumbuka vyema, anajua lugha mbili na aweza kuzipatanisha. Asaidiwe Kiswahili." Mwalimu mkuu akasoma, akatia sahihi.

Lakini siku ya kufunga shule, watoto walipokuja kupokea karatasi zao, yule mvulana hakuwapo. Wenzake waliniambia kwamba jamaa yake wamehamisha mifugo kuelekea vilima vya Loima kutafuta malisho. Nilikaa na karatasi ile mpaka jua lilipotua. Sijui kama aliwahi kurudi shuleni. Ninalolijua ni kwamba kwa majuma kumi na moja alikaa darasani mwangu, na kwa majuma tisa nilikuwa nimemhesabu kuwa mjinga.

Kakuma

Mwaka uliofuata nilitumwa kwa mazoezi ya mara ya pili huko Kakuma, yapata kilometa 120 kutoka hapa. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, walipofika maelfu ya wavulana waliokimbia vita vya Sudan. Baada yao walikuja Wasomali, Wahabeshi, Wakongo, Warundi na wengineo. Na mwaka 2016 makao mengine yalianza kukaliwa huko Kalobeyei. Shule niliyofundisha ilikuwa na watoto wa wenyeji na wa wageni pamoja. Katika darasa langu nilisikia Kiturkana, Kidinka, Kisomali, na Kiswahili cha Kongo, ambacho kilinifanya nitege sikio upya.

Siku zile palikuwa na ugomvi mwingi juu ya kuni. Kambini kuni ziligawiwa kwa kipimo, na zilipokwisha, akina mama na wasichana walitoka kwenda kutafuta. Wenyeji waliwakuta wakikata miti, na mara nyingi watu waliumizwa. Ugomvi wa wazazi uliingia darasani: watoto wa wenyeji waliketi upande wa dirisha, wageni upande wa mlango, na msitari kati yao ulikuwa wazi kama mpaka wa nchi.

Basi nilikumbuka mti wa Turkwel. Kabla ya kumpeleka mtoto hata mmoja kwenye laga ya Tarach, nilikwenda kwa mzee wa pale na tumbaku yangu, na mtoto wa Kiturkana akanifasiria. Nikaomba ruhusa, nikamwomba pia aje afundishe. Akakubali. Siku ya safari aliketi chini ya mti na watoto wote wakamzunguka. Alisema kwa Kiturkana. Mtoto mmoja akageuza kwa Kiswahili. Msichana wa Kongo akarudia polepole. Mwingine akapeleka kwa Kidinka, na mwingine kwa Kisomali. Neno moja lilichukua muda mrefu kufika mwisho, lakini lilifika.

Aliwaonyesha mti upi usiokatwa kamwe, tawi lipi likikauka laweza kuchukuliwa, na nani wa kuombwa. Msichana mmoja mkimbizi akauliza, "Kama hatujui mwenyewe ni nani, tutamwombaje?" Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Leo umenijua mimi. Anza kwangu." Sitawaambia kwamba ugomvi wa kuni ulikwisha siku ile, haukwisha. Lakini Jumatatu nilipoingia darasani, ule msitari wa katikati ulikuwa umepindapinda, na watoto wanne walikuwa wameketi upande usio wao.

Maneno ya Mwisho kwa Walimu Wanafunzi

Kwanza, jifunzeni lugha ya watoto, japo maneno hamsini. Tangu mwaka 1976 kamati iliyoongozwa na Bwana Peter Gachathi ilipendekeza kwamba miaka mitatu ya mwanzo mtoto afundishwe kwa lugha inayotumika mahali pale. Pendekezo hilo ni la busara, lakini halimfai mtoto ikiwa mwalimu hana hata salamu ya kwao.

Pili, msiipeleke shule nje kabla ya kubisha hodi. Nyika ionekanayo kuwa tupu ina wenyewe. Wasalimuni, waombeni, na ikiwezekana wafanyeni kuwa walimu kwa siku moja. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumiwa katika madarasa ya chini mwaka 2019, wataka mtoto ajifunze kwa kutenda na mzazi ashiriki. Hapa Turkana wazee walikuwa wakifundisha hivyo tangu zamani.

Tatu, msiandike neno "hawezi" kwa haraka. Andikeni kwa kalamu ya risasi, ili ifutike.

Na ninyi wazazi, nawasihi: mkihama na mifugo, mwambieni mwalimu. Ziko shule za kuhamahama, na yuko ndugu au rafiki mjini awezaye kumkalisha mtoto. Mwalimu akijua mlikokwenda, aweza kuwatafutia njia. Asipojua, hubaki na karatasi mkononi, kama nilivyobaki mimi.

Kila siku sasa nageuza maneno ya lugha moja kuwa ya lugha nyingine, na kila nikitaka kulainisha neno kali au kuongeza langu, namkumbuka mtoto aliyesimama kati yangu na yule mzee chini ya ewoi. Hakuongeza, hakupunguza. Kama yupo mtu hapa amjuaye, kijana ambaye sasa amekwisha kuwa mtu mzima, amwambie kwamba taarifa yake ilisahihishwa, na karatasi bado ninayo.