Khabari za Laxton, Kijiji Kilichotunza Mipaka Yake



Leo napenda kuwaeleza khabari za Laxton, kijiji cha Uingereza katika jimbo la Nottinghamshire. Kanisa lake la mtaa, la Mtakatifu Mikaeli, ni la kale sana, na nje ya nyumba yapo mashamba matatu makubwa yasiyo na ua. Kila mkulima ana vipande vyake humo, vimechanganyika na vya wenzake.

Hapo kale vijiji vingi vya Uingereza vililima hivyo. Lakini katika karne ya 18 na ya 19 Bunge lilipitisha sheria nyingi, mashamba yakagawanywa na kutiwa ua, na maskini wengi wakapoteza malisho yao. Laxton ilisalia.

Vipande vyake viliandikwa katika ramani mwaka 1635, na ramani hiyo ingaliko. Walakini karatasi peke yake hailindi mpaka. Kila mwaka, mwisho wa Novemba, wakulima walioapishwa hulikagua shamba la ngano kwa miguu, wakipigilia vigingi vipya penye mipaka. Mtu aliyelima hata kuingia njia ya wote hutozwa faini katika baraza lao, naye ni jirani yao.

Mabwana, ni mashauri mangapi ya mashamba huletwa barazani hali mzee aliyeujua mpaka amekwisha kufa? Basi na tuitembee mipaka yetu tungali hai, tukifuatana na vijana wetu.