Masomo yetu ya kwanza kwa telefone: maneno tuliyosema Makiso

Bandugu na badada, jambo kwenu wote wa Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo na Kisangani, na ninyi wa Lubunga muliovuka mto kwa pirogi tangu asubuhi.

Tuliahidi kuwaambia vile tulitengeneza masomo yetu ya kwanza ya mtandaoni. Tutasema yote, hata pale tulipokosea.

Mwanzo tulitaka kufundisha "uraia". Neno kubwa! Tukaandika mafunzo kumi na mbili, tukapiga video: mutu amesimama mbele ya bendera, anasoma karatasi. Watu watatu tu walifika mwisho, na wawili kati yao walikuwa sisi wenyewe. Video moja ilikuwa inakula mega za siku nzima. Kijana mmoja wa toleka alituambia: "Bakubwa, mega yangu ni ya kuongea na bakliya, haiko ya kuangalia bendera." Hatukuwa na la kujibu.

Basi tukaacha kamera, tukapita kwenye barza kuuliza: munataka kujua nini? Karibu kila mahali jibu lilikuwa moja: feza za Vita ya Siku Sita. Nani atalipwa? Namna gani? Mama mmoja alituonyesha kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono. Alikuwa amempa mutu feza ili jina lake "liingie kwenye liste". Alituuliza kama huyo mutu alikuwa na haki ya kuziomba. Hatukujua. Na siye ndio tulikuwa tunajiita walimu wa uraia!

Hapo masomo yakapata kichwa. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa tarehe 5 Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalianza kupigana ndani ya mji wetu, mpaka tarehe 10. Ilibidi tujifunze kwanza. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule La Haye, ilisema tarehe 19 Desemba 2005 kwamba Uganda ilivunja sheria na lazima ilipe. Kiasi kilitajwa tarehe 9 Februari 2022: dola milioni 325, yaani 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali yao, 60 kwa utajiri wa udongo na pori. Zilipwe mara tano, milioni 65 kila mwaka.

Na mbona Uganda peke yake? Swali hili lina odio yake nzima. Kwa kifupi, mwaka 2006 mahakama ileile ilisema haina uwezo wa kuhukumu kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda. Inauma, lakini tumeieleza vile iko.

Kabla ya kurekodi, avoka alisoma kila neno. Kisha tukajaribu na watu kumi wa Mangobo. Mzee mmoja alisikia "milioni 225" akaanza kuzigawa hapohapo, kila nyumba ya mji na fungu lake. Kosa lilikuwa letu: hatukusema kwamba hukumu inagusa pia Ituri na sehemu zingine, si Kisangani tu. Tukarekodi upya. Usiku ule umeme ukakatika, tukamalizia chini ya mti na telefone moja.

Sasa iko hivi: odio tano, dakika nne kila moja, kwa Kiswahili na Lingala, kwenye WhatsApp. Mwisho wa kila odio kuna swali moja, na munaweza kujibu kwa sauti, hailazimu kuandika. Ni bure. Na masomo haya hayaingize mutu kwenye liste yoyote. Mwenye kuwaomba feza kwa jina letu, ni mwongo.

Odio ya kwanza inatoka Jumatatu saa kumi na mbili jioni, wakati batoleka wanarudi nyumbani. Kwa wasio na telefone, tutaleta bafle kwenye kivuko cha Lubunga siku ya Jumamosi.

Tupokee maswali. Tuanze na watu wa Lubunga, juu pirogi haiwangoji.