Vakansi ya mjini na kijana mkubwa: tupange pamoja naye

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, kabla ya likizo kubwa

Sisi tunaosema hapa ni familia nne tuliokwenda Lubumbashi vakansi iliyopita, kila mmoja na kijana wake mkubwa. Kamati imetuomba tueleze namna tulivyopanga, kwa sababu familia zingine zinataka kwenda mwaka huu.

Tunajua kuna waliocheka waliposikia neno vakansi. Mzee mmoja alituuliza pale mlangoni: "Minervali haijaisha kulipwa, nyumba haina mabati, na ninyi mnatuletea habari ya kutembea mjini?" Swali lake ni la haki. Tutaanza na hilo.

Kwanza, makuta. Hakuna hata franka moja ya sanduku la msaada iliyotoka kwa safari hii. Sanduku hilo ni la ugonjwa, la kilio na la watoto wa shule, na wafadhili wetu wanajua hivyo. Tulitumia fungu letu wenyewe la AVEC, siku ya kugawana. Tulitoa kwanza minervali, tukatoa mbegu, na kile kilichobaki tukakiweka pembeni mizunguko miwili. Kama fungu lako halitoshi baada ya minervali na mbegu, ngoja mwaka kesho. Hakuna mtu anayekufukuza.

Pili, juu ya nini kwenda. Wengi wetu tulivuka kuingia Zambia mwaka 2017, tukakaa Mantapala. Mtoto aliyevuka akiwa na miaka 9, leo anafika 17. Kule kambini tulikuwa tunamwambia kila jioni: kwenu ni Kongo, Kongo ni nchi kubwa, utaiona. Halafu akarudi Pweto, akaona nini? Turubai, shamba lililomea majani, na kalasi ambamo mwalimu anafundisha kwa Kifaransa wakati yeye alizoea Kiingereza na Kibemba. Basi, hiyo ndiyo Kongo anayoijua. Wakati huohuo anasikia wenzake wanasema Lubumbashi, wanasema Kolwezi. Siku moja unaamka, kitanda ni kitupu, ameondoka na lori.

Katika chama hiki tunao wazazi ambao watoto wao waliondoka hivyo. Wengine wako kwenye machimbo. Wengine hata namba ya simu hatuna. Hatuwataji, wanajulikana. Kwa hiyo tunaposema vakansi, hatusemi mambo ya matajiri. Kijana wa miaka 17 ataona mji tu, utake usitake. Tulitaka aone mara ya kwanza akiwa pamoja na sisi, na akijua njia ya kurudi.

Sasa tuingie katika kupanga kwenyewe.

Mtoto mdogo unamwambia "vaa viatu, twende," naye anafuata. Huyu mkubwa hafuati hivyo. Tulipoanza kusema habari ya safari, kijana mmoja wetu alijibu wazi: "Papa, kama ni kuenda kukaa kwa nyumba ya tantine na kuangaria televizyo siku yote, muniache tu hapa." Baba yake alikuwa karibu kukasirika, halafu akamuuliza: "Basi wewe unataka nini?" Pale ndipo mpango ulipoanza. Tukakubaliana familia zote nne: kabla ya kulipa chochote, kila mtu wa nyumba anataja kitu kimoja anachotaka kuona au kufanya, na kijana mkubwa anapewa siku moja nzima ya kuipanga yeye mwenyewe. Anatafuta fasi, anauliza bei, anauliza njia, anaandika kwenye karatasi, anatusomea. Siku hiyo sisi wazazi ndio tunamfuata.

Kuhusu majira, Julai na Agosti ni wakati mzuri. Masomo yamefungwa, finalisti wamemaliza Examen d'État, mvua hakuna, na barabara inapitika. Lakini beba makoti. Lubumbashi iko juu, zaidi ya mita 1,200, na usiku wa Julai kule baridi inauma kuliko hapa ziwani. Vijana wanakataa makoti hapa nyumbani kwa sababu wanaona jua. Weka koti katika mfuko hata akinung'unika.

Barabara yetu ni ile ya Kasomeno. Usihesabu saa, hesabu siku. Weka siku moja ya ziada kwenda na siku moja ya ziada kurudi, gari likiharibika usiharibu mpango wote. Vitambulisho: mzazi abebe kadi yake ya uchaguzi, kijana asiyefikia miaka 18 hana kadi hiyo, basi abebe kadi ya mwanafunzi na cheti cha kuzaliwa kama anacho. Na ile hati ya kurudi tuliyopewa na UNHCR, fanya fotokopi, uache yenyewe nyumbani. Waliozaliwa au kukulia upande wa pili wanaulizwa maswali kwa sababu ya namna wanavyosema. Karatasi inapunguza maneno.

Kulala ni kwa ndugu, hoteli hatuiwezi. Lakini ndugu wa mjini naye ananunua maji, ananunua makaa, analipa nyumba kila mwezi. Tulimpigia simu mwezi mmoja mbele, tukamwambia tuko watu wangapi na siku ngapi, tukamuuliza kama anaweza. Usifike ghafla na watu sita. Tulikaa usiku tano, si zaidi. Tulibeba unga wa mihogo na chisense kavu ya Moero, na wenyeji walifurahi sana, maana kule samaki hizo ni za kununua kwa bei. Ba-mama waliingia jikoni kupika bukari na sombe pamoja na mwenye nyumba, na vijana walichota maji bila kuambiwa mara mbili. Hilo tulikuwa tumelisema kabla ya kutoka Pweto.

Makuta tuliyagawa katika bahasha: barabara ya kwenda, barabara ya kurudi, chakula, kutembea, na ugonjwa. Bahasha ya kurudi ilishonwa ndani ya nguo ya mama, na hakuna aliyeigusa. Kama mnabeba dola, angalieni kila noti. Dola iliyopasuka hata kidogo tu, mjini wanaikataa, wakati franka iliyochakaa wanapokea. Pesa zingine ziwekeni kwenye simu, M-Pesa au Airtel Money, msitembee na zote mfukoni. Na kijana mpe fungu lake mkononi, dogo, la siku zote tano. Likiisha limeisha. Msichana mmoja wetu alimaliza nusu siku ya kwanza kwa viatu, siku zilizobaki akawa anauliza bei mara tatu kabla ya kununua. Mama yake hakusema kitu.

Sasa fasi za kuona. Mkitaka mjue mji, mwambieni kijana kwanza habari yake. Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910, Wabeleji wakauita Élisabethville, na jina la leo lilikuja mwaka 1966. Ulizaliwa kwa sababu ya shaba. Lile dohani refu la Gécamines na kile kilima cheusi kando yake utaviona hata bila kulipa kitu. Kilima hicho ni takataka za shaba iliyoyeyushwa tangu 1911. Wazee walioletwa kutoka vijiji vya mbali ndio waliofanya kazi ile. Kijana anayeota machimbo asimame pale na mzazi wake, waongee: shaba imeleta nini, na imemwachia nani.

Katika Museo ya taifa kuna vitu vya wazee wetu wa zamani. Mwambieni kijana habari ya misalaba ya shaba, ambayo watu wa nchi hii waliyeyusha na kuitumia kama pesa karne nyingi kabla ya Mzungu kufika. Kijana mmoja alishangaa: "Kumbe bambuya betu balikuwa na makuta yabo wenyewe?" Tukasema ndiyo. Bustani ya wanyama nayo wadogo wanaipenda, na hata wakubwa waliosema ni ya watoto walikaa pale muda mrefu.

Kwa wavulana, na wasichana pia, kuna Kamalondo, kwenye uwanja wa TP Mazembe uliofunguliwa mwaka 2011. Siku tuliyofika hakukuwa na mechi, tukautazama kwa nje tu. Hata hivyo kijana aliyekuwa na siku yake alisimama mbele yetu akatuhubiria: kikombe cha Afrika mara tano, 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, na mwaka 2010 kule Abu Dhabi, timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya klabu za dunia, wakapigwa na Inter 3 kwa 0. Huyu kijana hapa Pweto hasemi maneno kumi kwa siku.

Msichana wa familia nyingine, siku yake aliipeleka kwenye Chuo Kikuu. UNILU ilianza miaka ya 1950, na jina hili inalo tangu 1981. Hakutaka kitu kingine. Alitaka kuona mlango, kuona wanafunzi wanapita, kuuliza mtu mmoja masomo ya udaktari yanachukua miaka mingapi na yanadai asilimia ngapi. Aliuliza kwa Kifaransa chake cha kuokoteza. Walimjibu vizuri. Aliandika yote. Kutoka siku ile, nyumbani tunasikia anasoma kwa sauti usiku.

Jambo moja hatukulitegemea. Hapa watoto wetu wanachekwa kwa Kibemba chao na Kiingereza chao cha Zambia. Mjini Lubumbashi Kibemba kinasikika sokoni na katika mabisi, na njia ya Kasumbalesa inaleta wafanyabiashara wa Zambia kila siku. Sokoni, vijana ndio waliotuulizia bei. Muuzaji mmoja alimwambia mmoja wao: "Weye unajua Kingereza? Rudia huku ukimaliza masomo." Lile neno lina uzito, na tutalirudia sasa hivi.

Kabla ya hapo, masharti ya kutembea. Kijana mkubwa hawezi kushikwa mkono kama mtoto. Lakini mji hauujui, nao haumjui. Tuliweka hivi: wanatembea wawili-wawili, mchana tu, saa kumi na moja ya jioni wawe nyumbani. Namba za simu zimeandikwa kwenye karatasi mfukoni, kwa maana simu yenyewe inaweza kuibiwa. Wakipotea, wote tunakutana mbele ya Posta, katikati ya mji. Kwenye taksi-moto kila mtu na moto yake, na bei inakubaliwa kabla ya kupanda.

Na masharti ni yaleyale kwa mvulana na kwa msichana. Hapa baadhi ya ba-papa walibishana nasi. Walisema mvulana atembee, msichana abaki na mama. Tunawauliza: msichana ambaye hajawahi kupita barabara ya mji akiwa na wazazi karibu, siku atakapokwenda kusoma au kuolewa kule, nani atamwonyesha? Atamwonyesha yule wa kwanza kumtabasamia.

Sasa neno la "rudia huku". Jueni mapema kwamba siku ya nne au ya tano, kijana atasema: mimi nabaki. Kwetu walisema wawili. Ndiyo maana makubaliano yalifanywa hapa Pweto, mbele ya nkambo wa nyumba: anayetaka kubaki, anarudi kwanza. Tukifika nyumbani anaketi na wazazi, anaeleza atakaa kwa nani, atafanya nini, atakula nini. Nasi wazazi tunaahidi kusikiliza bila kupiga kelele. Wale wawili walirudi. Mmoja ameamua kumaliza masomo kwanza. Wa pili bado anataka kwenda kujifunza ufundi wa umeme wa magari, na familia yake inazungumza na mjomba mmoja mjini ambaye ana garaji. Hatujui kama itatoka. Lakini akienda, ataondoka mchana, na mfuko wake, na mama yake atamsindikiza kwenye gari.

Ba-mama na ba-papa, tunamaliza. Anayetaka kwenda mwaka huu aanze wiki hii kuketi na kijana wake, amuulize anataka kuona nini. Karatasi ya hesabu zetu, bahasha kwa bahasha, tumeiacha kwa katibu. Kila mwanachama anaweza kuiangalia, na mfadhili pia akipenda. Ambao hamtaweza kwenda, tumefikiri hivi: vijana waliokwenda watapita nyumba kwa nyumba vakansi hii kuwaeleza wenzao waliyoyaona, yaliyo mazuri na yaliyo magumu. Ninyi vijana mlioketi kule nyuma, msikimbie baada ya mkutano. Tutaandika majina.