Mgeni Ametukopesha: Hotuba ya Mwenyekiti Kuhusu Nyumba Yetu ya Bwiru



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka kumi. Habari za hisa, mikopo na marejesho zimo katika taarifa ya mweka hazina, na hatutazirudia hapa. Tumeombwa tuseme jambo moja tu, lile linalochelewesha kufunga vikao vyetu kila mwezi: nyumba ya vyumba vitatu kule Bwiru, tunayopangisha wageni wa siku chache.

Maneno yenyewe mnayajua. Wapo wanaosema tumpe mpangaji wa mwaka mzima, tupokee kodi, tulale. Wapo wanaosema tuendelee na wageni. Pande zote zina haki ya kusikilizwa, maana nyumba ile imesimama kwa hisa za kila mmoja wetu, za mama anayeuza dagaa Mwaloni na za mwalimu vilevile. Basi tuanze na hesabu, maana hesabu haina mjomba.

Tuseme kwa mfano mpangaji atatupa shilingi 400,000 kwa mwezi. Mgeni wa siku analipa 50,000. Ukiangalia haraka unaona siku 8 zinatosha. Lakini mgeni ana sabuni yake, maji, LUKU, dobi, kodi za serikali na nauli ya mwenye zamu. Tukitoa 15,000 kwa hayo yote, mkononi zinabaki 35,000. Hapo tunahitaji siku 12 ndipo tumpite mpangaji. Mwezi wa siku 9 tunapata 315,000, yaani pungufu ya 85,000. Mwezi wa siku 20 tunapata 700,000, yaani zaidi ya kodi ya mpangaji kwa 300,000. Kwa hiyo ugomvi wetu wote unarudi kwenye swali dogo: siku 12 za kila mwezi tutazipata wapi?

Sisi viongozi tunasema zitatoka katika tangazo letu na katika namna tunavyompokea mtu.

Akina mama, sisi ni watu wa mikopo. Mwanachama akiomba fedha tunamuuliza atarejesha lini na mdhamini wake ni nani. Sasa mgeni wa Dodoma au wa Uholanzi analipa kabla hajaiona nyumba. Hajui Bwiru iko mlimani au bondeni. Huyo ametukopesha. Tangazo letu ndiyo hati ya mkopo, na kila neno tunalolitia mle ni deni. Wadhamini wetu ni wageni waliotangulia na maneno waliyoyaandika. Na dawa ya deni, wote tunaijua, ni kulipa.

Kwanza, tangazo lenyewe. Matangazo mengi ya mjini yanasema "nyumba nzuri, ya kisasa, karibu na ziwa". Mgeni akisoma kumi yanayofanana, atachagua la bei ya chini. Letu tunapendekeza lisomeke hivi: "Nyumba ya vyumba vitatu Bwiru, yenye jiko la gesi. Ziwa linaonekana kutoka baraza ya nyuma. Kutoka barabarani unapanda ngazi 41 katikati ya mawe, gari linabaki chini. Maji yakikatika lipo tangi la lita 2,000. Umeme ukikatika zipo taa za sola. Kila kitanda kina chandarua."

Kuna aliyesema kikaoni kwamba hizo ngazi zitamfukuza mgeni. Ni kweli, zitamfukuza mwenye magoti mabovu. Lakini heri afukuzwe na tangazo akiwa bado kwake Shinyanga, kuliko kufukuzwa na ngazi saa nne usiku akiwa na masanduku na mama mzee. Na yule anayependa mawe na upepo wa ziwa, ngazi zile zile ndizo zitamleta.

Picha zipigwe asubuhi, mapazia yakiwa wazi, vitanda vimetandikwa. Choo na bafu viwemo, maana mgeni anavitafuta kabla ya sebule. Ngazi nazo ziwemo. Jiwe la Bismarck ni fahari ya Mwanza, lakini liko kule karibu na kivuko cha Kamanga, haliko uani kwetu. Tusiliweke mbele kana kwamba mtu atalifungulia dirisha.

Pili, tuwajue tunaowakaribisha. Mtalii anakuja, lakini Mwanza haiishi kwa mtalii peke yake. Ipo Hospitali ya Rufaa ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, inayopokea wagonjwa wa Kanda ya Ziwa nzima. Ndugu wa mgonjwa hawezi kulipa bei ya siku kwa wiki mbili, na anahitaji jiko zaidi ya televisheni. Tumwekee bei ya wiki, sufuria ndogo ya uji na chupa ya chai ya kubebea. Tusimhoji habari za ugonjwa. Wapo pia wazazi wanaokuja mahafali ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kule Nyegezi, na wanaokuja maonesho ya Nanenane Nyamhongolo. Siku hizo zinajulikana mapema, kwa hiyo tangazo lizitaje mapema.

Kwa mtalii, tuwe na karatasi moja ukutani. Saanane, kisiwa kilichotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, ni safari fupi ya boti kutoka mjini. Makumbusho ya Wasukuma yapo Bujora, Kisesa, barabara ya Musoma. Anayetaka Serengeti, barabara hiyo hiyo inampeleka geti la Ndabaka, kama kilometa 140 hivi.

Aidha, tukumbuke kwamba Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilifunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kama kilometa 3. Daraja hili ni heri, ila kwa biashara yetu lina pande mbili. Mtu wa Geita anafika kwetu kwa urahisi, na yule aliyekuwa akilala mjini kwa hofu ya kukosa kivuko sasa anaweza kurudi kwake jioni. Hatutampata tena kwa kuchelewa. Atalala kwetu ikiwa amependa kulala kwetu.

Tatu, ziwa. Hapa tunaomba tusikilizane sana. Mgeni akiuliza kama anaweza kuogelea, jibu liwe lile tunalowapa watoto wetu: kichocho kipo, mamba na kiboko wapo, kaa barazani ulitazame. Akitaka boti ya visiwani, tumwelekeze kwenye chombo kilichosajiliwa, chenye jaketi za kuokolea kwa kila abiria, na akikuta kimejaa asubiri kingine. Sisi watu wa huku hatuhitaji kuelezwa. Tulizika wa MV Bukoba mwaka 1996, tukazika wa MV Nyerere mwaka 2018. Kama kuna mwenye mashua ambaye angetupa chochote kwa kumpelekea wageni, chombo chake kikiwa hakina jaketi, fedha hiyo hatuitaki.

Nne, mapokezi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu kalipia hata ya tatu, jembe libaki stoo! Apokewe na mtu, aonyeshwe maji, jiko, namna ya kuingiza LUKU, halafu aachwe apumzike. Jamani, tunajua nyumba ni yetu sote, ila mwanachama asipite pite dirishani kuangalia mali yake. Na wanaoshauri tufunge kamera sebuleni kwa ajili ya wizi, hapana. Airbnb wenyewe walipiga marufuku kamera za ndani ya nyumba mwaka 2024, na hata wasingekataza, nani kati yetu angekubali kupigwa picha akiwa na kanga moja?

Kwa wale wasioujua mtandao huo, ulianzishwa Marekani mwaka 2008, na wageni hutoa nyota, moja mpaka tano. Cheo chao cha juu, Superhost, kinataka wastani wa nyota 4.8, kujibu maulizo angalau asilimia 90, na kufuta nafasi za watu chini ya asilimia 1. Pigeni hesabu: wageni tisa wakitupa tano tano, wa kumi akitupa tatu, wastani ni 4.8. Tumepona. Wakiwa wawili wa tatu, ni 4.6, tumeanguka. Shuka moja lenye doa linaweza kula kazi ya wageni wanane.

Kwa hiyo tunapendekeza zamu ya watu wawili kila wiki, simu moja ya nyumba, na daftari moja. Kila ulizo lijibiwe siku hiyo hiyo, hata kama jibu ni kwamba nyumba imejaa. Mgeni aliyekwisha kulipa asiondolewe kwa sababu shemeji wa mwanachama anaoa. Kitabu cha wageni kijazwe, leseni na karatasi za kodi ziwe kwenye faili, ili afisa akija akute chai, asikute kelele.

Mwisho, azimio tunaloliweka mbele yenu. Tujipe miezi kumi na miwili. Kila mwezi daftari lisomwe kikaoni: siku ngapi, zimeingia ngapi, zimetoka ngapi. Wastani ukifika siku 12, tunaendelea. Usipofika, tunampa mpangaji nyumba kwa moyo mweupe, na hakuna atakayemnyooshea mwenzake kidole. Miaka kumi tumekopeshana bila kushikana mashati. Nyumba ya vyumba vitatu isije ikatushinda.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.